Paka Aliyenyamaza: Dalili za Ugonjwa na Wakati wa Kumwona Daktari

Swali linaloulizwa mara nyingi na wafugaji wa paka, iwe katika ghorofa za Kariakoo, katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au katika vyumba vya kupanga vya Nairobi, ni moja: paka aliyeacha kula tangu jana asubiriwe kidogo, au apelekwe kwa daktari leo? Majirani huwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba aachwe, kwa kuwa roho ya paka ni ngumu na mwenyewe hujua majani ya kula akapona. La pili ni kwamba apewe kipande cha kidonge kilichobaki baada ya mtoto kupona homa. Jibu la kwanza huchelewesha tiba mpaka ikakosa faida, na la pili, kama itakavyoelezwa, huweza kumuua paka hata kabla ya ugonjwa wenyewe. Sura hii inaeleza namna mfugaji asiye na elimu ya utabibu anavyoweza kulijibu swali hilo kwa kuangalia mambo manne anayoyaona kila siku, yaani chakula, haja, pumzi na mwendo, na kwa kuhesabu saa zilizopita tangu mojawapo lilipobadilika.

Kwa nini paka huficha ugonjwa

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, mnyama mdogo ambaye jamaa zake wangali wakiishi katika mbuga za Afrika Mashariki, na ambaye huwinda peke yake huku yeye mwenyewe akiwindwa na wanyama wakubwa zaidi. Mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu hana kundi la kumlinda, na kwa sababu hiyo tabia ya kuficha maumivu imebaki hata kwa paka ambaye adui yake mkubwa maishani ni ufagio wa jikoni. Mbwa mgonjwa mara nyingi humfuata bwana wake akimlilia. Paka mgonjwa hujitenga, akaingia chini ya kitanda, nyuma ya friji au darini, akajikunyata huko, na mwenye nyumba akadhani amelala.

Wengi hupotoshwa pia na ule mkoromo wa kooni ambao paka huutoa anapopapaswa. Mkoromo huo huchukuliwa kuwa alama ya raha, na mara nyingi ndivyo ulivyo, lakini paka mwenye maumivu makali, paka anayezaa na hata paka aliye karibu kufa huweza kukoroma vilevile. Uso hutoa ushahidi bora. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal nchini Kanada walichapisha kipimo cha maumivu ya paka kinachotegemea sehemu tano: masikio, macho, pua na mdomo, sharubu, na jinsi kichwa kilivyokaa. Paka asiye na maumivu huwa na masikio yaliyosimama yakielekea mbele, macho yaliyo wazi, mdomo uliolegea, sharubu zilizopinda kwa utulivu, na kichwa kilichoinuka juu ya mabega. Mwenye maumivu masikio yake hutanuka kuelekea pembeni, macho husinywa, mdomo hukazwa, sharubu hunyooka, na kichwa hushuka chini ya usawa wa mabega. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na mfugaji akikitumia kwa siku chache paka akiwa mzima, atautambua uso wa mgonjwa bila shida.

Katika miji ya pwani liko tatizo jingine, nalo ni kwamba paka wengi wana nyumba tatu au nne za kulia, kila nyumba ikidhani kuwa amekula kwa jirani. Paka wa aina hiyo anaweza kukaa na njaa siku tatu bila mtu kugundua. Anayempenda hana budi kumpangia saa maalumu ya kula na kumtazama anapokula, kwa sababu saa hiyo ndiyo nafasi pekee ya kumkagua.

Chakula na maji

Paka mzima akikataa chakula kwa saa 24, daktari aonwe, hata kama hakuna dalili nyingine. Muda huo unaonekana mfupi kwa mtu ambaye mwenyewe hufunga mchana kutwa mwezi mzima wa Ramadhani, lakini mwili wa paka hauko hivyo. Paka asipokula, mwili wake huanza kuyapeleka mafuta kwenye ini yageuzwe kuwa nguvu, na ini la paka halina uwezo wa kushughulikia mafuta mengi kwa mara moja. Hivyo mafuta hurundikana, ini likavimba na kushindwa kufanya kazi. Hali hii, ambayo madaktari huiita ini kujaa mafuta, huweza kuanza baada ya siku chache tu za kutokula, na ajabu yake ni kwamba huwashambulia zaidi paka wanene, wale ambao wenye nyumba hudhani wana akiba ya kutosha. Mtoto wa paka hana hata hizo saa 24, kwani akikosa maziwa au chakula kwa nusu siku hulegea na mwili wake ukapoa.

Inafaa kutofautisha paka asiyetaka kula na paka asiyeweza kula. Mwenye mafua ya paka, yaani maambukizi ya virusi vinavyoshambulia pua, macho na koo, huacha kula kwa sababu hasikii harufu, na kwa paka chakula kisichonuka si chakula; dagaa waliopashwa moto kidogo huweza kumrejeshea hamu wakati daktari akisubiriwa. Mwenye jino bovu au kidonda kinywani huiendea sahani kwa pupa, akauma, akaacha, akajifuta mdomo kwa mguu huku akidondosha mate.

Kutapika kunahitaji kupimwa kwa idadi na hali. Paka akitapika mara moja, akatoa donge la manyoya aliyoyameza alipokuwa akijilamba, kisha akarudi kucheza, hana la kutibiwa. Akitapika mara tatu au zaidi kwa siku, au akatapika huku amelegea, au matapishi yakawa na damu, au uzi ukaonekana unaning'inia mdomoni au nyuma, asisubiriwe. Na uzi huo usivutwe kwa mkono, kwa kuwa sehemu iliyobaki ndani inaweza kuyakata matumbo. Kuhusu majani, ni kweli kwamba paka hula nyasi, lakini paka wazima hula nyasi vilevile, na kula huko si ushahidi kwamba anajitibu.

Paka mzee anayekunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa sana huku akikonda naye ni mgonjwa, mara nyingi wa figo, kisukari au tezi ya shingo. Huyu hahitaji kukimbizwa usiku, ila apelekwe ndani ya wiki hiyo.

Paka dume asiyekojoa

Kama msomaji atakumbuka jambo moja tu katika sura hii, liwe hili. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga wake, akichuchumaa na kujikamua bila kutoa mkojo au akitoa matone mawili matatu, ana saa chache za kuokolewa, na kumsubiri mpaka kesho ni kumhatarisha maisha.

Chanzo chake ni umbile. Mrija unaotoa mkojo kutoka kwenye kibofu cha dume ni mwembamba sana, hasa sehemu yake ya mwisho, kiasi kwamba ute uliochanganyika na chembechembe za madini, au kijiwe kidogo, hutosha kuuziba. Wanaopatwa zaidi ni paka wanene, wanaoshinda ndani, wanaokula chakula kikavu cha pakiti na kunywa maji kidogo, ingawa hakuna dume aliyesalimika kabisa. Mrija ukiziba, kibofu huendelea kujaa, mkojo hurudisha shinikizo kwenye figo, na figo huacha kuchuja damu. Taka zilizopaswa kutoka hubaki mwilini, na hatari kubwa kuliko zote ni madini ya potasiamu, ambayo yakizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo na hatimaye kuusimamisha. Hayo yote hutokea ndani ya siku moja hadi tatu, na kadiri saa zinavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua.

Hatari ya ugonjwa huu huongezwa na jinsi unavyofanana na kufunga choo. Mwenye nyumba humwona paka amechuchumaa anajikamua, akahitimisha kuwa tumbo limefunga, akampa mafuta ya kula, papai au maziwa, akasubiri matokeo. Kuna namna ya kutofautisha: anayeshindwa kukojoa huenda kwenye mchanga mara nyingi kwa muda mfupi, hulamba sehemu zake za siri bila kukoma, hulia anapochuchumaa, na baadaye huanza kutapika na kulegea. Tumbo lake la chini likiguswa kwa upole huonekana lina donge gumu ambalo kwa paka mkubwa hufikia ukubwa wa chungwa. Donge hilo lisikamuliwe, kwani kibofu kilichojaa namna hiyo huweza kupasuka. Daktari humpa dawa ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba kuuzibua mrija, akamwekea maji ya mshipani. Hakuna chai, mzizi wala kidonge kinachoifanya kazi hiyo nyumbani. Jike naye huweza kujikamua na kutoa mkojo wenye damu, jambo linalohitaji tiba, lakini mrija wake ni mpana zaidi na ni nadra kuziba kabisa.

Pumzi na rangi ya fizi

Paka aliyelala hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Mfugaji huhesabu kwa kutazama ubavu unavyoinuka na kushuka, kila kuinuka na kushuka kukihesabiwa mara moja, kwa sekunde 30, kisha akazidisha kwa mbili. Idadi ikizidi 40 na ikabaki hivyo paka akiwa amepumzika, kuna tatizo katika mapafu, moyo au damu. Aidha, ikumbukwe kuwa mbwa huhema mdomo wazi ili kujipoza, na hilo ni kawaida yake, ilhali paka anayehema mdomo wazi akiwa ametulia huwa amezidiwa, na anahitaji daktari dakika hiyohiyo.

Fizi huonekana kwa kuuinua mdomo wa juu kwa kidole. Za paka mzima ni za rangi ya waridi na zenye unyevu, na zikibonyezwa kidogo kisha zikaachwa, rangi hurudi kabla ya sekunde mbili. Fizi nyeupe humaanisha upungufu wa damu au mzunguko wa damu uliodorora. Za manjano humaanisha ini au chembe za damu zinaharibika. Za bluu au kijivu humaanisha hewa haifiki mwilini. Na zilizokauka na kunata ni alama ya upungufu wa maji. Paka wachache huwa na fizi nyeusi kwa maumbile, na kwa hao hutazamwa upande wa ndani wa kope la chini. Kugusa masikio ili kujua homa, kama wengi wafanyavyo, hakufai, kwa kuwa joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, juu ya joto la binadamu, na kila paka mzima huonekana ana homa mkononi mwa mtu.

Mwendo

Paka anayechechemea baada ya ugomvi wa usiku mara nyingi ana kidonda kidogo cha jino kilichofunikwa na manyoya, ambacho baada ya siku mbili hadi tano huwa jipu lenye joto. Huyu aonwe na daktari ndani ya siku moja. Aliyeanguka kutoka ghorofani au kugongwa na bodaboda apelekwe hata kama ametembea mwenyewe, kwa sababu damu inaweza kuwa inavuja ndani.

Ugonjwa mmoja huvunja kanuni ya ukimya iliyotajwa mwanzoni. Donge la damu lililoganda moyoni husafiri mpaka pale mshipa mkuu unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma, likaziba, na paka ghafla hulia kwa sauti ya kutisha, miguu ya nyuma ikapooza na kuwa baridi, nyayo zikapauka. Watu husema amepigwa au ameumwa na nyoka. Ni dharura ya moyo, na hata kwa tiba wengi hawaponi, lakini maumivu yake ni makali kiasi kwamba kumwacha nyumbani ni ukatili.

Kwa ufupi, paka apelekwe saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, akionyesha mojawapo ya haya:
• kujikamua bila kutoa mkojo, hasa akiwa dume;
• kuhema mdomo wazi, au fizi nyeupe, za bluu au za kahawia;
• miguu ya nyuma kupooza ghafla;
• degedege, kutetemeka au kuzimia;
• kugusana na sumu au dawa ya binadamu, hata kama bado hajaonyesha dalili;
• jike kusukuma zaidi ya nusu saa kwa nguvu bila mtoto kutoka.

Dawa za nyumbani zinazoua

Parasetamoli, dawa isiyokosekana katika nyumba yoyote, ni sumu kwa paka. Ini la binadamu lina kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayoharakisha kazi fulani, ambacho huifanya dawa hiyo iweze kutolewa mwilini bila madhara. Paka ana kiasi kidogo mno cha kimeng'enya hicho. Matokeo yake ni kwamba dawa hugeuka kuwa sumu inayoziharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa, fizi zikageuka kahawia, uso na miguu ikavimba. Miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito zimewahi kutosha kumdhuru paka, na kwa paka wa kilo 4 hizo ni miligramu 40, yaani chini ya sehemu ya kumi ya kidonge cha kawaida cha miligramu 500. Hakuna kipande cha kidonge kilicho kidogo kiasi cha kuwa salama. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo zisitolewe.

Ya pili ni dawa ya viroboto isiyomfaa. Dawa za kupaka mbwa na za kuogeshea ng'ombe mara nyingi huwa na permethrini au kemikali nyingine za kuua kupe, na baadhi ya wauzaji wa maduka ya pembejeo huzipunguza kwa maji na kuziuza kwa ajili ya paka. Saa chache baadaye paka huanza kutikisa masikio, akatetemeka mwili mzima, kisha degedege. Aliyepakwa dawa hiyo aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akaushwe, afunikwe, akimbizwe kwa daktari. Ikiwa ameshaanza degedege, asioshwe, apelekwe tu.

Sumu ya panya hudanganya kwa kuchelewa. Aina nyingi huzuia damu isigande, na paka aliyeila, au aliyemla panya aliyeila, huonekana mzima kwa siku mbili hadi tano kabla ya kuanza kuvuja damu. Maziwa, ambayo watu wengi huamini kuwa huua sumu, hayaondoi sumu hiyo wala nyingine zilizotajwa hapa, na kumtapisha kwa maji ya chumvi ni kumwongezea sumu ya pili. Kinachosaidia ni pakiti ya sumu yenyewe, ikabidhiwe kwa daktari aisome.

Watoto wa paka

Mtoto wa paka anayetapika na kuhara kwa pamoja, akakaa ameinamia bakuli la maji bila kunywa, huenda ana panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoangamiza utumbo na chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Huweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na virusi vyake hudumu katika nyumba kwa miezi mingi, hivyo kuleta mtoto mwingine asiyechanjwa mahali hapo ni kumtafutia kifo. Chanjo yake ni madhubuti, na huanza akiwa na wiki 6 hadi 8. Viroboto, ambao kwa paka mkubwa ni kero tu, humnyonya mtoto damu mpaka fizi zikawa nyeupe. Huyo naye ni mgonjwa wa kukimbizwa.

Nani amtibu, na aende na nini

Tabibu wa paka ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si muuza duka la dawa za mifugo. Vyuo vinavyofundisha madaktari hao, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hutibu pia wanyama wa nyumbani. Palipo na afisa mifugo wa kata pekee, naye huulizwa, ingawa kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na kuku, na ni haki ya mfugaji kumwomba ampigie simu daktari kabla ya kuchoma sindano. Namba ya daktari itafutwe paka akiwa mzima. Kuitafuta saa nane usiku ni kupoteza zile saa zilizotajwa.

Paka asafirishwe katika tenga lenye kifuniko au boksi lililotobolewa na kufungwa kamba, ndani yake ikiwa nguo aliyoizoea, kwani paka aliyebebwa mikononi hutoroka katika kelele za daladala. Daktari atataka kujua alikula lini mara ya mwisho, alikojoa lini, amepewa dawa gani, na kama amechanjwa. Aliyempa parasetamoli aseme bila aibu, kwa sababu dawa ya kuikabili ipo na hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema.

Paka aliyebadilika tabia

Limebaki jambo moja linalomhusu mtu kuliko paka. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, huwapata paka pia, na paka mpole anayegeuka mkali bila sababu, anayedondosha mate, kuyumba au kushindwa kumeza, asishikwe kwa mikono mitupu wala kufunguliwa mdomo ili kutafutwa mwiba. Afungiwe chumbani, na daktari wa mifugo aitwe. Mtu aliyeng'atwa au kuparuzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, bila kungoja kuona kama paka atakufa, kwa sababu dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu karibu wote hufa. Paka huchanjwa dhidi yake akifikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo.